Kuku wafunguliwe jioni

Hapa Mtwara kuku wa kienyeji husaidia kweli kupunguza wadudu bustanini, ila ukiwaachia asubuhi watachakura miche ya mchicha kabla hawajagusa panzi. Sisi huwafungulia jua likipungua, tena kwenye matuta yaliyokwisha kuvunwa. Hapo utawaona wakifukua viwavi na mchwa mpaka udongo umelainika. Kanga ni bora zaidi: hudonoa mdudu juu ya jani na hachakuri sana.

Kwenye mikorosho, hata hivyo, tusidanganyane. Mbu wa mikorosho hufyonza machipukizi machanga huko juu, na kuku hafiki. Mlinzi wa huko ni majimoto, wale chungu wanaoshona majani kuwa kiota, ambao watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele pia wamewachunguza. Wanauma, najua, lakini msiwaue.

Ndege wadogo wala wadudu nao hutusaidia, ila wana adui: kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hula mayai na makinda yao.

Wakulima wenzangu, mkipulizia dawa ya wadudu, tafadhali fungieni kuku wenu. Mdudu aliyekufa kwa sumu si chakula.