Jina la Mwenye Duka, Jasho la Fundi

Kuna maradhi yametuingia sisi tunaoishi ughaibuni, na dawa yake haina gharama: ni kusoma maandishi madogo. Mtu anaingia dukani, ananunua jina. Haulizi kitu kimetengenezwa wapi, wala nani kakichonga, wala nani kakipima. Maadamu jina ni kubwa, fedha za zamu za usiku zinatoka bila ya swali. Kisha anampelekea mpwawe huko nyumbani, kijana anayepiga picha za harusi, na kumwambia kwa fahari: "Hiyo ya Kijerumani, orijino!"

Mimi ni mhandisi, na kazi yangu ni vipimo. Naomba leo nizungumze juu ya lenzi za kamera, kwani hapo ndipo biashara ya majina ilipokomaa. Nasema tangu mwanzo, nisije nikaeleweka vibaya: sina ugomvi na kampuni inayotengenezesha bidhaa zake katika kiwanda cha mwingine. Ugomvi wangu ni na tabia ya kumficha fundi.

Tazameni Vivitar. Jina hilo lilitokana na kampuni ya Ponder & Best, iliyoanzishwa California mwaka 1938 na wahamiaji wawili kutoka Ujerumani. Lenzi zake ziliuzwa dunia nzima, lakini zilitengenezwa na viwanda vya watu wengine huko Japani. Fundi alijulikana kwa njia gani? Kwa tarakimu za mwanzo za namba ya lenzi! Zikianza na 22, imetoka Kino. 28, imetoka Komine. 37, imetoka Tokina. Wapenda kamera walilazimika kulifumbua fumbo hilo kama wanaosoma barua ya siri. Mtu aliyefanya kazi nzuri akawa tarakimu mbili tu.

Mtasema Vivitar ni jina la watu wa kawaida. Haya, twende kwa masultani. Mwaka 1972 Leitz ya Wetzlar, wenye Leica, walifunga mkataba wa ushirikiano na Minolta ya Japani, na baadhi ya lenzi za Leica R zikatoka kwa Minolta. Baadaye lenzi yao ya 28-70 ikatengenezwa na Sigma. Wapo waliokuwa wakiidharau Sigma kuwa ni lenzi ya maskini, kumbe wengine walikuwa wameivaa shingoni kwa jina la Leica na kwa bei ya Leica.

Na Voigtländer je? Nyumba hiyo ilianzishwa Vienna mwaka 1756, kabla kamera haijazaliwa. Tangu mwaka 1999 lenzi zenye jina hilo zinatengenezwa na Cosina, kampuni ya Japani. Cosina hao hao wakawa wanaitengenezea Zeiss lenzi tangu katikati ya miaka ya 2000, na hao hao ndio waliotengeneza kamera ya Nikon FM10 na Olympus OM2000. Wangapi kati yetu wamewahi kulisikia jina la Cosina? Siku hizi hata simu zina majina haya: Huawei waliweka jina la Leica mwaka 2016, Xiaomi wakafuata mwaka 2022. Vilenzi hivyo vya plastiki havichongwi Wetzlar, jamani.

Najua wenye majina watanijibu nini. Watasema: "Sisi ndio tuliochora, sisi ndio tunaokagua." Jibu hilo lina ukweli, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lenzi si kioo kimoja. Ni vioo kadhaa, kila kimoja kinasagwa, kinang'arishwa na kupakwa tabaka jembamba la kuzuia mng'aro, kisha vyote vinapangwa katika mstari mmoja. Kikipotoka kidogo tu, kwa sehemu za elfu za milimita, upande mmoja wa picha unakuwa mkali na upande wa pili umefifia. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa lenzi mbili za viwango tofauti, kwa sababu mteja mmoja amelipia ukaguzi mkali na mwengine hakulipia. Kwa hiyo mchoraji na mkaguzi wana haki ya kuandikwa.

Lakini mchoro haujisagi wenyewe. Yule aliyeushika mkono wa mwisho naye ana haki. Ikiwa kweli kazi ni ya watu wawili, kwa nini jina liwe la mmoja? Zeiss, kwa mfano, walipoanza na Cosina walilisema jambo hilo hadharani, na hatukuona wanunuzi wakikimbia. Basi woga wa wengine unatoka wapi? Unatoka kwenye bei. Wanajua kuwa sehemu ya fedha tunazotoa si ya kioo, ni ya ndoto.

Historia inatufundisha kwamba ukweli haumdhuru fundi hodari. Mwaka 1887 Waingereza walitunga sheria ya alama za bidhaa, na bidhaa za Ujerumani zikalazimika kuandikwa zilikotoka. Nia ilikuwa ni kumtahadharisha mnunuzi: jihadhari, hii si ya Kiingereza. Kikatokea nini? Watu wakanunua, wakatumia, wakaridhika, na ile alama ya aibu ikageuka taji. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjerumani alipata heshima yake kwa sababu alitajwa. Fundi wa leo atapataje heshima iwapo hatajwi?

Jambo hili latuhusu sisi kuliko wengine. Hapa Uingereza tunakunywa chai ya Kericho kila asubuhi, na kwenye pakiti tunasoma jina la Mwingereza. Inatuuma, na tunalalamika katika kila mkutano wetu. Basi vipi tunamfanyia fundi wa Nagano lile tunalolichukia likifanyiwa mkulima wetu?

Na wala hatudai jambo geni. Kampuni tunayoijua leo kwa jina la Canon ilipotoa kamera yake ya kwanza, Hansa Canon, mwaka 1936, haikuwa na uwezo wa kutengeneza lenzi. Lenzi ilitoka kwa Nippon Kogaku, ambao ndio Nikon wa leo, na juu yake pameandikwa Nikkor, jina la aliyeitengeneza. Canon ilikufa kwa aibu? Haikufa, ikawa mshindani mkubwa wa Nikon.

Kwa hiyo ninadai mambo mawili. Kampuni ziandike kwenye lenzi jina la kiwanda, si la nchi peke yake. Nasi tukienda dukani tuulize: nani ameitengeneza, na kiwanda hicho kinauza lenzi gani kwa jina lake mwenyewe, kwa bei gani? Muuzaji akikosa jibu, tutoke na fedha zetu. Na yule kijana wa harusi apelekewe lenzi iliyopimwa, hata kama jina lake halitamki mtu baraza zima. Bibi harusi atatazama picha; jina la lenzi hatalijua.