Kuresoi, Njooni Tuhesabu Pamoja

Wenzangu wa Kuresoi, naanza na takwimu nne, na naomba mzisome polepole. Katika uchunguzi wa hali ya maisha uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu mwaka 2015 na 2016, watu maskini walikuwa asilimia 30.3 katika Kaunti ya Kericho na asilimia 48.8 katika Kaunti ya Bomet. Nyeri walikuwa asilimia 19.3, na Nyandarua asilimia 34.8. Kericho na Bomet ni makao ya Wakipsigis, tawi la Wakalenjin, kwa sehemu kubwa. Nyeri na Nyandarua ni ya Wakikuyu. Katika kila jozi lugha ni ile ile, koo zinavuka mpaka wa kaunti, mahari yanakwenda na kurudi. Hata hivyo, ukitoka upande mmoja kuingia wa pili, umaskini unapanda kwa zaidi ya nusu.

Nimezileta kwetu kwa sababu sisi wa Kuresoi tumezoea kulinganishana kwa kabila. Matangani, ndani ya matatu ya Molo, penye mzani wa maziwa, utasikia kwamba Wakikuyu ndio wenye pesa, Wakalenjin ndio wenye serikali, Wakisii ndio waliosoma, na Waogiek, hao hutajwa mwisho, kama watu wa msituni tu. Anayesema hivyo mara nyingi hana chuki. Amerithi maneno hayo kama alivyorithi jina la babu. Lakini kila baada ya miaka mitano huja mtu wa kuyaokota maneno hayo na kuyanoa.

Tunajua yanavyokata. Mwaka 1992 na 1997 moto uliwaka Molo na Olenguruone. Mwaka 2007, hapa kwetu, nyumba zilianza kuchomwa hata kabla ya siku ya kupiga kura. Msimu ule kauli ya "41 dhidi ya 1" ilikuwa imezunguka nchini, na ilikuwa hesabu ya kulinganisha makabila: mmoja kala, wengine 41 wamenyimwa. Hapa Bonde la Ufa tukaongeza neno letu, "madoadoa", kumwita jirani ambaye watoto wake walikaa dawati moja na wetu. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika machafuko yale. Mimi siwezi kuandika juu ya tofauti za makabila kana kwamba ni somo la darasani. Ni jambo lililotuzika.

Hata hivyo, siombi tufiche takwimu. Tofauti zipo na zina historia. Reli ilipopita Mau Summit mwanzoni mwa karne iliyopita, ardhi ya pande hizi ilikatwa mashamba ya walowezi, na Mwafrika, awe Mkipsigis au Mkikuyu, aliruhusiwa kuishi humo kwa sharti la kufanya kazi. Olenguruone yenyewe ilianza kama mpango wa makazi mwaka 1941, serikali ya kikoloni ilipowaleta Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Walipokataa masharti ya kilimo waliyowekewa, walikula kiapo cha umoja, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakafukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta. Baada ya uhuru, aliyekuwa na akiba au mkopo aliingia katika kampuni za kununua mashamba, na asiye nacho akabaki kutazama ardhi ambayo mababu zake walichungia ng'ombe ikipewa namba za watu wengine. Wote wawili wana kilio cha kweli. Ukimsikiliza mmoja peke yake, utamwona wa pili kuwa mwizi.

Kisha ikaja Karatasi ya Bunge Namba 10 ya mwaka 1965. Ndani yake serikali iliamua kwamba fedha za maendeleo ziende zaidi kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu waliokwisha kuzoea maendeleo, ili mavuno yao yaje kuwafaa wengine. Waliokuwa na barabara wakaongezewa barabara. Sehemu za kaskazini mwa nchi ziliachwa nyuma miongo mingi, na ule uchunguzi wa 2015 na 2016 uliikuta Turkana na asilimia 79.4 ya watu maskini, huku Nairobi wakiwa 16.7. Hakuna Mturkana aliyezaliwa mvivu. Kuna uamuzi uliopigwa chapa Nairobi.

Tena wako wataalamu wa uchumi waliopima barabara za Kenya tangu uhuru hadi mwaka 2011, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2015. Waligundua kwamba wilaya zilizokuwa za kabila la rais zilipata fedha za barabara mara mbili ya sehemu yao, na lami mara nne hadi tano, hasa katika miaka ya chama kimoja. Upinzani uliporuhusiwa na watu wakapata nafasi ya kuuliza, upendeleo huo ulififia. Basi anayesema "mtu wetu akiingia tutakula" hajazua. Kuna waliokula.

Lakini tuisome hiyo hesabu tukiwa hapa Kuresoi. Kenya imekuwa na marais watano: Jomo Kenyatta, Daniel arap Moi, Mwai Kibaki, Uhuru Kenyatta na William Ruto. Watatu ni Wakikuyu na wawili ni Wakalenjin. Katika miaka yote ya jamhuri yetu, hapajawa na siku hata moja ambapo Ikulu haikuwa na mtu wa jamii moja kati ya hizi mbili kubwa zilizojaa Kuresoi. Kama mtu wetu angetosha, lami ingefika mpaka mlangoni kwa kila mmoja wetu. Mvua za Aprili zikinyesha, barabara za ndani huku Kiptororo, Nyota na Tinet hugeuka tope, lori la waru linalala njiani siku mbili, na bei iliyokubaliwa asubuhi inashuka jioni kwa sababu mnunuzi anajua huna pa kwenda.

Hapo kwenye waru ndipo napenda tukae kidogo. Rudini kwenye zile takwimu nne. Nyandarua ni juu, kuna baridi, wanalima waru na kabeji na kufuga ng'ombe wa maziwa, na kilio chao kikubwa ni barabara. Si ndiyo Kuresoi? Mkipsigis wa Keringet mwenye ekari mbili za waru maisha yake yanafanana zaidi na ya Mkikuyu wa Ol Kalou kuliko na ya Mkipsigis mwenzake aliyeajiriwa ofisini Kericho mjini. Wakulima hao wawili wanauza kwa gunia. Sheria inataka gunia lisilozidi kilo 50, lakini broka huja na gunia lake lililoshonewa wavu juu, likajazwa mpaka mlima, na linalipwa kama gunia moja. Hizo kilo za juu, akina mama, hazina kabila. Huondoka bure kwa Chebet na kwa Wanjiku na kwa Kemunto.

Na pareto je? Wazee wetu walisomesha watoto kwa maua yale. Kenya iliongoza dunia kwa pareto, na bodi yake ilikuwa papo hapo Nakuru. Malipo yalipoanza kuchelewa miezi, kisha miaka, wakulima waling'oa. Mkulima wa kila jamii alibaki na risiti mkononi. Sijawahi kusikia mwanasiasa akihesabu wenye risiti zile kwa kabila, kwa kuwa hesabu hiyo isingempa kura.

Kuna maji pia. Msitu wa Mau hutoa mito inayokwenda Ziwa Viktoria na Masai Mara. Bwawa la Itare lilianza kujengwa mwaka 2017 ili maji yafike Kuresoi, Molo, Njoro na Nakuru. Mkandarasi alikwama kifedha mwaka 2018 na kazi ikasimama. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, nasi tulifurahi, ni jiji letu. Lakini msichana wa Kuresoi anayebeba mtungi kupandisha kilima, akichelewa shuleni, yuko katika kaunti moja na jiji hilo. Wastani wa kaunti unamficha. Wastani wa kabila unamficha hata zaidi.

Hapa lazima niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Zipo hasara zilizomfika mtu kwa sababu ya kabila lake, na hizo lazima zihesabiwe kwa kabila. Waogiek wa Mau, wakiwemo jirani zetu wa Tinet, walifukuzwa msituni kama jamii. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha ilitoa hukumu yao tarehe 26 Mei 2017, na mwezi Juni 2022 ikaagiza serikali iwalipe shilingi milioni 57.85 kwa mali waliyopoteza na milioni 100 kwa madhara mengine, tena itambue ardhi yao. Vivyo hivyo, sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008 inakataza ofisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja kutoka jamii moja. Bila kuhesabu, nani angejua imevunjwa? Kwa hiyo anayewaambia Waogiek waache kulia kwa kuwa sote ni Wakenya anawanyima hata ushahidi. Ninachoomba ni kwamba hesabu ya namna hiyo ipelekwe kwa aliyesababisha hasara, yaani serikali, na isipelekwe kwa jirani anayepanda minji ng'ambo ya ua.

Mtafiti mmoja, Edward Miguel, alilinganisha shule za Busia upande wa Kenya na Meatu nchini Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004. Upande wa Kenya, kijiji kilichochanganya makabila kilichangia shule kidogo kuliko kijiji cha kabila moja. Upande wa Tanzania, mchanganyiko haukuleta tofauti ya maana. Wasukuma wa Meatu na wenzao hawakuumbwa kwa udongo mwingine. Tangu uhuru walifundishwa Kiswahili kimoja na kukaa katika vikao vya kijiji kimoja. Nikisoma habari ile huwa najiuliza kamati zetu za shule hapa zingekuwaje kama tungefanya hivyo tangu 1963. Na miaka haijaisha.

Sasa ombi langu. Kura inayokuja ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya hapo, makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kufika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Vikao hivyo vya wadi mara nyingi huwa na viti vitupu, au vimejaa watu walioletwa na mtu mmoja. Nendeni. Kila nyumba itume mtu. Na msiende kama Wakikuyu wa juu na Wakalenjin wa chini. Kaeni kwanza wiki moja kabla, chini ya mti, penye mzani wa maziwa, au kanisani baada ya ibada, mkubaliane jambo moja mtakaloliomba nyote: daraja lile, zahanati ile, kilomita zile za kokoto. Mkifika pale na sauti moja yenye lafudhi tatu, hakuna mwakilishi wadi atakayewagawa.

Vijana mliosoma, hili ni lenu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuwajibu. Andikeni barua kwa ofisi ya kaunti kuuliza shilingi ngapi zilitengwa kwa kila wadi, ngapi zimetumika, basari ziliwafikia wanafunzi wangapi kutoka kila lokesheni. Watu wa jamii mbili au tatu watie sahihi katika barua ile ile. Jibu likija, lisomeni katika baraza la chifu kwa Kiswahili ili kila mtu asikie neno lile lile kwa wakati mmoja.

Wazee wangu, nanyi nawaomba kwa heshima. Kijana akianza kusema "wale" na "sisi" mbele yenu, msicheke. Mwulizeni anahesabu nini. Ninyi ndio mliolala nje mwaka 1992 na 2007, na neno lenu lina uzito ambao maandishi yangu hayana.

Tuanze na daftari. La kurasa 48 linatosha. Andika shule iliyo karibu nawe ina watoto wangapi, walimu wangapi, madawati mangapi. Andika ni dakika ngapi kwenda kuchota maji na kurudi, gunia lako la mwisho lilikuwa na kilo ngapi na ulilipwa ngapi, na kama shamba unalolima lina hati au bado unangoja. Siku ya kikao cha bajeti lichukue, upande bodaboda pamoja na jirani, na ukifika keti karibu na mtu ambaye lugha ya nyumbani kwao huifahamu. Mwonyeshe ukurasa wako, kisha mwombe akuonyeshe wake.