Sura yetu haiko mali ya kampuni

Bandugu na badada ba mugodi, kuko swali moja yenye kurudia ku biro yetu ya sendika: "Foto yangu iko ku pano kubwa pa barabara, hakuna mutu aliniuliza. Nifanye nini?"

Mwenzetu mumoja alijiona vile. Amevaa kaske, anacheka, na chini bameandika maneno ya usalama wa kazi. Bamupiga ile foto wakati alikuwa angali anatumika. Sasa kazi iliisha, mukono uliumia, anangojea malipo. Batoto bake banapita chini ya ile pano kila asubui bakienda ku masomo. Sura ya baba inapamba jina ya kampuni, lakini ku nyumba unga ni shida.

Tunasema wazi: kukubali kupigwa foto haiko kukubali foto ifanye biashara. Foto ya kadi ya kazi ni ya kuingia pa mulango, haiko ya matangazo.

Sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu 31, inalinda maisha ya siri ya kila mutu. Kode Sivile, kitabu cha tatu, kifungu 258, inasema: mwenye kuharibia mwenzake kwa kosa lake, analazimishwa kutengeneza. Na tangu mwezi wa tatu 2023 tuko na Kode ya Numeriki, yenye kulinda habari za mutu binafsi.

Basi, usikimbilie kupasua pano. Hapo wewe njo utaitwa muharibifu. Kwanza, piga foto ya ile pano, andika siku na pahali, tafuta bashaidi babili. Ukiweza, ita wisye aandike vile ameona. Pili, andikia kampuni barua: batoshe foto, balipe. Bakupe kopi yenye tampo kuonyesha bameipokea. Tatu, kama neno linagusa kontra yako ya kazi, enda kwa inspekta wa kazi. Yeye anatafuta mapatano mbele ya tribinali. Feza ya avoka ikikosa, uliza ku baro kama bako na msaada wa bure. Pa tribinali utaonyesha mambo matatu: kosa, hasara, na ginsi ile kosa ilileta ile hasara.

Lakini soma kontra mbele ya kutia sinyatire. Kama kuko mustari juu ya foto, uliza: ya kazi gani, pahali gani, miaka ngapi, kwa bei gani?

Na sisi ba sendika tujitazame. Tuliisha kuweka sura za bantu ku kalandari yetu bila kubauliza. Tunaomba musamaha, na toka leo tutauliza. Pale njo tutaweza kusimama mbele ya kampuni bila haya, na kudai neno hili liandikwe mu mapatano ya bafanyakazi bote.