NENO MTAANI: Ng'ombe wa Chaussée de Wavre

Katika kikao kilichopita mwenzetu mmoja alitusomea insha juu ya Wabasotho wa milimani: blanketi za sufu, wavulana wanaokaa na mifugo juu kabisa, na bohali, yaani mahari, ambayo kwa desturi ni ng'ombe 20, kondoo au mbuzi 10 na farasi mmoja. Siku hizi wengi hulipa fedha, ila hesabu bado ni ya ng'ombe: kiasi fulani cha maloti ni ng'ombe mmoja.

Tulicheka. Mwenzetu ambaye wazazi wake wanatoka Walungu, Kivu ya Kusini, hakucheka. Kaka yake anaoa hapa hapa Brussels, na wazee walikuwa wanabishania ng'ombe sita. "Hakuna mwenye zizi kati yetu," alisema. "Sasa tunahesabu nini?"

Jumamosi tukaondoka na swali hilo. Tulishuka metro Porte de Namur, tukakatiza Galerie d'Ixelles na kutokea Chaussée de Wavre, katikati ya Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Hapa Kilingala ndicho kinachotawala, kwenye saluni hata kwenye maduka ya makayabu na sombe. Anayetaka Kiswahili sharti atege sikio. Sisi tulikisikia kwenye mafungu ya lengalenga, kwa mama mmoja mzaliwa wa Kabare, milima iliyo jirani na Bukavu.

Shikamoo yetu ilimchekesha. "Hiyo ni Kiswahili ya Tanzania. Kwetu tunasema jambo." Tukasema jambo, kisha tukamwuliza habari za ng'ombe.

"Ngombe haiko bei," alisema. "Bei unalipa, unaenda. Ngombe inazala. Kama inazala, batu banarudia kuulizana habari."

Tukamwambia kwamba ng'ombe wa Brussels hazai, ni bahasha tu. Akatutazama kidogo. "Na kule kwetu je? Tunazihesabu, hatuzione. Ngombe iko mu kinywa tu."

Hapo kicheko chetu cha kikaoni kilitusuta. Tangu vita vya 1996, watu wenye silaha wameiba na kuchinja mifugo mingi ya milima ile, na kaya nyingi zimebaki na mbuzi, sungura au simbilisi. Kumbe kuhesabu ng'ombe asiyeonekana hakukuanzia Ulaya. Zizi liliposhambuliwa, hesabu ndiyo iliyobaki.

Sasa neno lenyewe. Khomo ya Kisotho na ng'ombe yetu ni ndugu wa shina moja la Kibantu, ingawa kati ya Maseru na Mombasa kuna safari ndefu. Lakini jirani zetu wa karibu zaidi wana shina jingine: Mnyarwanda husema inka, Mshi husema enkafu. Kwa hiyo yule mama, akisema ngombe, ameshavuka kutoka lugha ya nyumbani kwao hadi lugha ya sokoni. Na hakuhitaji sisi tumsahihishe "inazala", ingawa mmoja wetu alishafungua kinywa.

Wazee wamekwisha kupatana. Fedha zitakuwa kwenye bahasha, na juu yake pataandikwa "ngombe sita". Kaka mtu atakopa sehemu yake, na mwenzetu bado ananung'unika. Tuliposimulia haya chamani, dada mmoja aliuliza: na bibi harusi anasemaje? Hatukuwa na jibu, maana hatukumwuliza mtu yeyote swali hilo. Mama wa Kabare yupo dukani kila Jumamosi, tutarudi.

Kwa kikao kijacho, kila mwanachama aje na neno la ng'ombe katika lugha ya bibi yake. Walimu nao wanakaribishwa, nao pia wana bibi.