Goma: Mbwa wa Katindo wanahitaji sindano kuliko risasi

Katika kata ya Katindo, mjini Goma, mbwa na paka wasio na mtu wa kuwachunga ni sehemu ya maisha ya kila siku. Mchana wanalala juu ya mawe ya volkeno kando ya nyua, usiku wanashindania takataka. Siku mmoja wao anapouma mtoto, wakaaji wengi husema neno moja tu: wauawe wote. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini yaliyotokea kwingine yanaonyesha kwamba kuua peke yake hakuulindi mji.

Hofu kubwa ni kichaa cha mbwa, ambacho waganga wanakiita raje. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59 000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu visa vyote vya binadamu vinatoka kwa mbwa. Kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na raje, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kinachookoa ni kuosha kidonda mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kupata chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.

Hapo ndipo mzigo unapoanza. Chanjo ya aliyeumwa si sindano moja. Ni kadhaa, kwa siku tofauti, na kila safari inadai pesa ya motari. Tangu M23 ilipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na familia nyingi zikapoteza mapato. Kwa mzazi anayetafuta chakula cha jioni, matibabu ya wiki kadhaa ni mlima. Ndiyo maana kumchanja mbwa kabla hajauma ni nafuu kuliko kumtibu mtoto baadaye.

Mbwa hawa hawakuzuka wenyewe. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Vita vimewakimbiza watu mara nyingine nyingi. Familia inayokimbia hubeba watoto, magodoro na sufuria. Mbwa hubaki mlangoni. Katindo, penye kambi ya kijeshi ambako familia zimekuwa zikija na kuondoka kwa miaka mingi, inaijua hali hiyo. Tena, si kila mbwa anayeonekana barabarani ni mbwa asiye na bwana. Wengi wana nyumba, ila hawana kamba, chanjo wala chakula cha kutosha.

Kwa nini kuua hakusaidii? Kwanza, chakula kinachowavuta kinabaki palepale: mabaki ya machinjo, ya soko na ya mikahawa. Mbwa wa kata jirani huja kuchukua nafasi, na majike waliobaki huzaa. Mimba ya mbwa ni ya miezi miwili tu. Pili, risasi na sumu haviulizi nani amechanjwa: mbwa aliyekuwa ngao ya mtaa hufa, na anayekuja baada yake hana kinga. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilijaribu njia hiyo baada ya raje kuingia mwaka 1997. Mbwa wengi sana waliuawa, lakini ugonjwa haukutoka.

Karibu na kwetu, kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kilifuata njia nyingine: kuchanja mbwa kwa wingi. Kufikia 2014 raje ilikuwa imekatika. Mwaka 2016 ikarudi, ikiletwa kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikapelekwa tena, na 2018 ikakatika kwa mara ya pili. Pemba inafundisha mambo mawili: ugonjwa unaweza kushindwa, na ukilegeza mkono unarudi.

Kwenye kisiwa jirani cha Unguja, shirika la ZAASO linahudumia mbwa na paka kwa kuwatibu, kuwachanja na kuwahasi. Kuhasi kuna maana yake katika hesabu hii. Wataalamu wanasema ni lazima asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa ili raje ikose njia. Watoto wa mbwa wakizaliwa kila msimu, kiwango hicho hushuka haraka. Wakizaliwa wachache, kinga ya mtaa hudumu zaidi. Paka nao hubaki kufanya kazi yao ya kuwinda panya, bila kujaza nyua vitoto visivyo na mlezi.

Goma si kisiwa. Barabara za Sake na Rutshuru zinaingia mjini, Gisenyi iko hatua chache tu, na mitumbwi inatoka Idjwi na Minova. Kata moja haiwezi kufunga mlango. Inaweza, hata hivyo, kuanza. Goma tayari ina mafundi wa kazi ya namna hii: wareko, wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo ya polio. Wao na machefu wa avenue wanajua kila ua. Wakiandikisha mbwa wa Katindo, wakaaji watajua ni wangapi wa kuchanja na ni majike wangapi wa kufungwa uzazi.

Upasuaji unataka mganga wa mifugo, dawa ya usingizi na mahali safi. Wanaojitolea hawawezi kuufanya kwa moyo mwema peke yake. Kwa hiyo chanjo itangulie, upasuaji ufuate kadiri uwezo unavyopatikana. Na wenye mamlaka mjini wana kazi isiyohitaji dola nyingi: takataka za machinjo zizolewe, na mwenye mbwa awajibike.

OMS na washirika wake waliweka lengo la kumaliza vifo vya raje inayotoka kwa mbwa ifikapo 2030. Muda uliobaki ni mfupi. Katindo, lengo hilo lina sura ya mtoto anayetoka shuleni kwa miguu, akikutana na mbwa ambaye hakuna anayejua kama alichanjwa.