"Mpelekeni nyumbani": kwa nani, na kwa dawa gani?

Jamani, kuna sentensi moja natamani ipigwe marufuku katika hospitali zetu: "Hapa tumefika mwisho, mpelekeni nyumbani."

Niliisikia kwa masikio yangu, nimesimama kwenye korido ya hospitali ambayo sitaitaja, mkononi nimeshika faili la mama mkubwa. Saratani ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Daktari hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Aliandika panadol, akatuambia tujitahidi, akaita mgonjwa mwingine.

Tukarudi Rusimbi. Ugomvi ukaanzia hapo.

Kikao cha ukoo kilikaa uani, juu ya mkeka. Mjomba akasema mgonjwa apelekwe Dar, Ocean Road, alazwe hata mwezi mzima, pesa zitachangwa. Mama mdogo akasema hapana, mtu mzima afie kwake, karibu na makaburi ya wazazi wake. Mimi, msomi wa ukoo na mwandishi wa gazeti, nikaunga mkono Dar. Kwa nini? Niseme ukweli: niliogopa watu wa msibani wasije wakasema tulimwacha. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mgonjwa. Alikuwa chumbani, dirisha wazi, anasikia kila neno.

Hebu tuseme wazi. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni kilomita zipatazo 1,250. Kama bado kuna tiba ya kumsaidia, safari hiyo ina maana. Mionzi huponya saratani ya shingo ya kizazi ikiwahiwa, na hata ikichelewa inaweza kupunguza damu na maumivu. Hilo silipingi. Lakini mgonjwa ambaye madaktari wameshasema hakuna cha kuongeza, tunamsafirisha kwa ajili ya nani? Wengi wetu tunamsafirisha kwa ajili yetu. Tunanunua ushahidi wa kutoa msibani kwamba "tulihangaika".

Upande wa mama mdogo nao siuachi. "Afie nyumbani" ni maneno matamu mdomoni mwa asiyeamka usiku kumgeuza mgonjwa. Nani alimgeuza mama mkubwa? Binti yake wa kidato cha tatu. Nani alifua mashuka, akachota maji, akakorogea uji, akafunga kinyesi kwenye mfuko? Huyo huyo. Miezi miwili hakukanyaga darasani. Sisi wanaume tulikuja jioni, tukasema pole, tukanywa chai, tukaaga. Ile haikuwa huduma ya nyumbani. Tulimkabidhi mtoto wa shule kazi ya wadi nzima bila glavu, bila dawa, bila zamu ya kumpokea.

Na usiku ulipoingia, panadol ile ilikuwa kama kumwagia Ziwa Tanganyika kijiko cha chumvi. Majirani walisikia kilio kupitia ukutani. Walikuwa wanafunga madirisha.

Ndiyo maana nasema tunabishana swali la pembeni. Nyumbani au hospitali linakuja baadaye. La kwanza ni hili: maumivu yanatibiwa na nani?

Majibu yapo, na si ya Ulaya tu. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, aliyefariki 2025, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Nguvu yake hakuiweka kwenye jumba la vitanda. Alichukua mofini ya unga, ikachanganywa na maji, ikawa dawa ya kunywa, na wauguzi wakawafuata wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo waiandike wenyewe, bila kumsubiri daktari. Mgonjwa anaipata bure.

Kwetu pia haya si mageni. Selian, Arusha, wamekuwa wakiwafuata wagonjwa makwao miaka mingi. Ocean Road wenyewe huchanganya mofini ya maji. Na enzi za UKIMWI, kabla ARV hazijaenea, wahudumu wa majumbani walipita mitaani kwa miguu na mikoba yao. Tiba shufaa tunaijua. Tumeiacha iwe bahati ya anayeishi karibu nayo.

Najua mtaniambia: mofini itamfanya teja. Teja wa nini, mtu mwenye wiki sita za kuishi? Mofini ya kunywa huanza kwa kipimo kidogo, hutolewa kila baada ya saa nne, huongezwa kulingana na maumivu, na huambatana na dawa ya kulainisha choo. Ikitolewa hivyo haiharakishi kifo. Inamwachia mtu nafasi ya kuongea na wanawe.

Wala sisemi wadi haina kazi. Maumivu yakishindikana, damu ikitoka bila kukoma, nyumbani pakikosekana mtu, au mgonjwa mwenyewe akitaka, alazwe. Alazwe siku kadhaa, atulizwe, arudi. Kulazwa hivyo si kumtupa ndugu, kama vile kukaa nyumbani si kumtelekeza, mradi pawepo muuguzi anayebisha hodi.

Kwa hiyo dai langu ni dogo. Asiruhusiwe mgonjwa wa namna hii kutoka hospitali yoyote ya mkoa bila vitu vitatu: mofini ya kunywa, namba ya simu ya muuguzi atakayepokea usiku, na siku ya kutembelewa. Pikipiki moja na wauguzi wawili haviishindi nchi inayonunua mashangingi.

Na sisi ndugu tuna deni letu. Nililipa langu kwa kuchelewa. Wiki ya mwisho niliingia chumbani, nikakaa sakafuni, nikamuuliza, "Mama mkubwa, wewe unataka nini?"

Akanitazama muda. "Dar siendi," akasema. "Nataka usiku mmoja tu nilale. Na huyu mtoto arudi shule."

Binti alirudi shule baada ya arobaini. Ule usiku mmoja hatukuweza kumpa.

Wadau, kama nimekosea nisahihisheni. Ila kabla ya kunijibu, kama mna mgonjwa ndani, nendeni kwanza mkamuulize.