Kabla hujamchangia chatu boom lako

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo Jumapili, nguo nimeshafua, maji yametoka, basi nina nafasi ya kusema jambo ambalo limetugawa chumbani wiki nzima.

Iko hivi. Mshkaji wangu mmoja wa chumbani kaangalia video za Wamarekani wanaofuga chatu. Jamaa wanafungua droo, mayai meupe yamejaa, baada ya muda vinatoka vinyoka, wanauza. Basi kaja na wazo: tuchange boom, tutafute dume na jike, tuzalishe. Hesabu kaiandika nyuma ya daftari la takwimu: jike mmoja mayai 40, kila mtoto bei fulani, zidisha. Wenzetu wawili wamesema wamo. Mimi nimekataa, eti mwoga.

Si uoga jamani. Chatu nimewashika. Nilipokwenda fildi nilipangiwa sehemu wanakofuga nyoka, zamu yangu ikawa chumba cha mayai. Yale si kama ya kuku. Ya kuku unayageuzageuza, ya chatu huyageuzi, maana mtoto ameshajishikiza ndani na ukimpindua anaweza kufa humo humo. Joto ni kama nyuzi 31 au 32, unyevu uwepo lakini maji yasiyalowanishe mayai, na hivyo hivyo kwa miezi miwili au zaidi. Umeme ukikatika usiku, unaamka. Na umeme wetu mnaujua.

Siku ya kuanguliwa ndiyo iliyonifundisha. Mtoto anachana ganda kwa kijino kidogo kilicho mbele ya mdomo, anatoa pua, halafu anatulia tu. Anaweza kukaa hivyo siku nzima na zaidi, kumbe anamalizia kiini chake. Mimi nikaona mmoja kachoka, nikamsaidia, nikamvuta. Kiini kilikuwa bado hakijaingia tumboni, kikapasuka. Kesho yake akafa. Hakuna aliyenifokea. Mzee aliyekuwa akituelekeza alisema tu, "Kijana, nyoka hahitaji haraka yako." Hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Wakabaki 31. Hapo ndipo mshkaji wangu hesabu yake imeishia, na hapo ndipo kazi inaanzia. Kila mmoja na kasha lake, maji yake, mahali pa kujificha, upande mmoja joto na mwingine nafuu. Mwanzoni hawali mpaka wajivue gamba kwanza (gamba la kweli, si lile la siasa za 2011). Ndipo unawapa vipanya. Wengine wanadaka palepale, wengine wanasusa wiki hadi wiki, nawe unabaki kuwabembeleza. Na wanang'ata! Kila ukipeleka mkono kusafisha, mtu na meno yake.

Porini kazi ya mwanzo anaifanya mama. Mwaka 2018 Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alichapisha utafiti wake juu ya chatu wa kusini mwa Afrika, ambaye hata Tanzania yupo. Mama anatoka shimoni kuota jua mpaka mwili unapata moto kweli kweli, kisha anarudi kuyakumbatia mayai. Watoto wakitoka anabaki nao kama wiki mbili, usiku wanalala kwenye mikunjo yake. Muda wote huo hali kitu. Sasa wewe unataka kuwa mama wa namna hiyo huku Jumatatu una tesiti?

Nikamuuliza mshkaji: wateja wakikosekana je? Akajibu bila wasiwasi, "Si tunawaachia milimani huko."

Hapo ndipo niliposema hapana. Kasome habari za Florida. Chatu wa Burma walipelekwa kule kama mifugo ya nyumbani, wengine wakatoroka, wengine wakaachiwa na wenyewe walipowashinda. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwenye mbuga ya Everglades wanyama waliokuwa wakionekana kila siku, kama rakuni, walikuwa wamepungua kwa asilimia 99. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuingiza aina nne za nyoka wakubwa, chatu wetu wa Afrika akiwemo. Na mwaka 2013 kule Kanada chatu wa Afrika alitoroka bandani usiku, akaua watoto wawili wa kiume waliokuwa wamelala. Hizo si hadithi za bibi.

Utasema huku chatu ni wa kwetu, ana ubaya gani? Yule aliyekulia kwenye kasha, akilishwa panya mfu, anaweza kuwapelekea wenzake magonjwa, au akaishia kwenye banda la kuku la mwanakijiji, na panga likamalizana naye. Tena wanyamapori hawafugwi bila kibali, na kuwauza nje ni vibali vingine vya CITES. Hayo yote kwenye daftari la mshkaji hayamo.

Sisemi watu wasizalishe chatu. Wale niliowahudumia walikuwa na pa kwenda kabla yai la kwanza halijatagwa, na wageni waliokuja wakipiga kelele waliondoka wakiuliza maswali. Hilo ni jema. Msimamo wangu ni mmoja: kama huwezi kuniambia mtoto wa 31 ataishi wapi akifika futi kumi, usimweke dume na jike pamoja. Basi.

Boom likitoka wenzangu wanasema wataendelea bila mimi. Mmoja jana usiku kaniuliza kimyakimya yule mtoto niliyemvuta alikuwa mkubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mkono, akanyamaza.

Mnasemaje wadau? Mimi mwoga, au?